Kaptura ya Sponji Imenichukulia Mke

Wybren Hoekema,
Nyumba ya Daraja,
Aldewier, Friesland.
Jumapili, 14 Juni.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wanawake Waendesha Baiskeli "Mnyororo Legevu",
Aldewier.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NGUO ZINAZOSTAREHESHA KUPITA KIASI

Ndugu Mwenyekiti, Bi. Gerbrich,

Pokea salamu zangu, nikiamini kwamba u mzima na magoti hayakusumbui. Mimi pia ni mzima, ukiacha hili lililonifanya nishike kalamu asubuhi ya Jumapili. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na ikiwezekana ukae kwenye kiti kigumu, ili tuelewane vizuri zaidi.

Mimi si mgeni kwako. Ni Wybren wa darajani, mume wa Tjitske, yule mwanachama wako mwenye helmeti nyeupe. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeliinua na kulishusha daraja la mfereji wetu, kabla wakubwa hawajaamua kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta mji mwingine kabisa. Kila mashua ilipopita, waendesha baiskeli walisimama mbele ya kizuizi changu kwa dakika nne hadi sita, na mimi niliwatazama. Sikuwa na kingine cha kutazama. Kwa hiyo namjua mtu aliyevaa vizuri kwa safari na asiyevaa vizuri kwa jinsi anavyoshuka kwenye siti tu. Aliyevaa jinzi yenye mshono mnene hushuka mapema, kabla hata kengele ya daraja haijalia, kisha hubaki amesimama kando akiishukuru ile mashua kimoyomoyo. Nalitaja hili mapema usije ukasema Wybren anaongea asiyoyajua.

Sasa nikueleze tulivyokuwa tukiishi, maana wewe umeingia katikati ya mambo.

Kwa miaka thelathini na minne mimi na Tjitske tulikuwa tukitoka kila Jumapili saa mbili asubuhi, bega kwa bega, kwenye baiskeli zetu nyeusi za kukaa wima. Yeye na jinzi yake, mimi na suruali yangu ya kodrai. Tulikwenda polepole tukisema watu. Tukifika kilomita ya sita, Tjitske alianza kujiinua kidogo kwenye pedali. Kilomita ya saba alianza kukaa upande. Kilomita ya nane, pale penye kinu cha upepo kisicho na mapanga, aliniambia, "Wybren, mshono unanisema. Tugeuze." Nami niligeuza bila ubishi, maana kila mwanamume anapenda kuambiwa jambo alilokuwa anasubiri kuambiwa. Saa nne na nusu tulikuwa mezani, na kahawa, na mkate wa sukari uliopakwa siagi mpaka unateleza. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, Bi. Gerbrich, nami nilidhani yana hati miliki.

Halafu Septemba iliyopita ukaitisha ile semina yako ya kuchagua mavazi ya baiskeli, katika ukumbi wa kanisa. Sikuwapo, lakini nimeelezwa kila neno, tena si mara moja. Ulisimama mbele ya akina mama ishirini na watatu ukiwa umeshika siti ya baiskeli mkono mmoja na kaptura nyeusi mkono mwingine. Ukawaambia waachane na jinzi. Ukawaonyesha sponji iliyoshonewa ndani, mikanda ya mabegani ili kiuno kisibanwe, na kitambaa kinachotoa jasho nje badala ya kulitunza. Ukawafundisha kuvaa tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito. Kisha ukatangaza, mbele ya mke wa mchungaji, kwamba chini ya kaptura hiyo hakuvaliwi kitu kingine chochote. Tjitske alinisimulia hilo huku akimenya viazi, kwa utulivu mkubwa. Mimi ndiye niliyelazimika kukaa.

Tangu siku hiyo sina mke siku ya Jumapili. Nina jirani anayelala kwangu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu umbali. Ule mshono ndio uliokuwa saa yetu, na wewe umeisimamisha. Mwezi wa kwanza baada ya semina Tjitske alikwenda kilomita thelathini. Mwezi wa tatu sitini. Jumapili iliyopita alinipigia simu kutoka bandari ya Harlingen, mdomo umejaa samaki wa kukaanga, akasema, "Mzee wangu, usinisubiri, upepo uko mgongoni." Nikamkumbusha kwamba upepo ulio mgongoni wakati wa kwenda utakuwa usoni wakati wa kurudi, jambo ambalo kila Mfrisia hulijua kabla hajaota meno. Akacheka. Akaniambia kaptura haimsumbui hata kidogo, basi upepo uje tu. Alirudi saa kumi jioni akiwa na mashavu mekundu, akala viazi vya watu wawili, akalala saa mbili usiku kabla sijamaliza kumweleza siku yangu ilivyokuwa mbaya.

2. Kuhusu mifuko. Hii fulana yenu ina mifuko mitatu mgongoni. Sijui ni nani aliyefikiria kuweka mifuko mahali ambapo mtu haoni, lakini mke wangu huipapasa na kutoa vitu humo kwa ustadi. Mfuko wa kushoto una ndizi. Wa kulia una simu na koti la mvua lililokunjwa likawa dogo kama soksi. Wa katikati, na hapa naomba unisikilize kwa makini, una mkate wa sukari. Wangu. Vipande vinne vilivyofungwa kwenye karatasi. Zamani njaa nayo ilikuwa ikimrudisha nyumbani, maana chakula kilikuwa nyumbani na mimi nilikuwa nyumbani, tulikuwa sehemu moja. Sasa mkate unakwenda Harlingen na mimi nabaki.

3. Kuhusu mvua. Hapa kwetu mvua imekuwa rafiki wa waume tangu mababu. Kila mtu huamka, huitazama ile picha ya mawingu kwenye simu, na akiona doa la buluu linakuja kutoka baharini, huvua viatu na kusema haya basi, leo hatutoki. Nami nimewahi, nakiri, kuliona doa la buluu ambalo wengine hawakuliona. Siku hizi Tjitske hulitazama lile doa hata likiwa kubwa la kufunika jimbo zima, akasema, "Ah, litapita," akavaa kizibao cha kuzuia upepo, akaondoka. Umemwondolea mshono, umemwondolea njaa, umemwondolea mvua. Niambie basi, kimebaki nini cha kumrudisha?

4. Kuhusu kamba ya kuanikia. Kaptura hizi hazitaki mashine ya kukaushia, hazitaki dawa ya kulainisha, hazitaki kuanikwa na soksi. Zinatakiwa kugeuzwa nje ndani na kuanikwa peke yake mahali penye hewa. Mahali penye hewa nyumbani kwetu ni kando ya mfereji. Mashua za watalii hupita, na watu hupunga mkono kwa ile sponji. Jirani yangu Durk alisimama akiitazama dakika nzima, kisha akaniuliza, "Bwana Wybren, kofia hii mmeipata wapi? Mbona ina mikanda, ni ya kufungia kidevuni?" Nikamwambia ndiyo. Kesho yake aliniuliza kama naweza kumwazima, maana masikio yake huumwa na baridi, na mpaka leo hajanisamehe kwa kumkatalia.

5. Kuhusu rangi. Fulana yenu ni ya manjano, ile ya kupiga kelele. Wewe ulieleza kwamba ni kwa usalama, ili madereva wamwone mtu kutoka mbali, nami sibishani na usalama. Lakini nchi yetu ni tambarare, Bi. Gerbrich, na nyumba ya daraja ina dirisha pande zote nne. Akiondoka saa mbili, namwona juu ya tuta la kuzuia maji mpaka saa mbili na dakika kumi na nane. Namwona anavyokuwa mdogo. Anakuwa kama punje ya hindi, halafu hakuna. Mwanamke aliyevaa koti la kijivu hupotea mara moja na mume akaendelea na shughuli zake, lakini huyu wa manjano hunichukua dakika kumi na nane kumpoteza kila wiki, na naumia kila dakika. Nilitaka kusema hivyo kwa lugha nyingine lakini sikuipata.

6. Kuhusu kosa langu mwenyewe. Nalitaja kwa sababu najua ameshakusimulia, na wanachama wote wakacheka. Ni kweli kwamba usiku wa kuamkia Pentekoste nilichukua sindano na uzi wa kushonea maturubai, nikashona mshono ndani ya ile sponji. Mshono mmoja tu, katikati, unene wa ule wa jinzi. Nia yangu haikuwa kumdhuru. Nilitaka arudi saa nne na nusu. Alirudi saa mbili na dakika tisa. Hakufika hata kanisani. Aliingia jikoni akitembea miguu imetanuka, akavua, akageuza, akautazama ule mshono, kisha akanitazama mimi. Ningependa angenifokea. Alichukua mkasi akakaa mezani na kuufumua uzi mmoja mmoja, na huku akifumua akaniambia, "Wybren, wewe unadhani nakukimbia. Miaka yote ile nilikuwa narudi kwa sababu naumia. Sasa hivi narudi kwa sababu nataka kurudi. Huoni tofauti?" Nikamwambia tofauti ninayoiona ni ya saa tano na nusu. Akasema, "Basi njoo na wewe, mkaidi wee." Nikajibu kwamba mtu aliyefunga daraja miaka thelathini na mmoja hawezi kuonekana na mikanda mabegani. Akaondoka. Nimelifikiria sana lile swali lake la tofauti, na bado nadhani jibu langu lilikuwa sahihi kwa hesabu.

7. Kuhusu hatari kwa taifa. Hapa sijisemei peke yangu. Ukitazama jinsi kilomita zinavyoongezeka kutoka Septemba hadi Juni, utaona kwamba ifikapo mwakani akina mama wa Aldewier watakuwa wakinywa chai Groningen. Mwaka unaofuata watavuka mpaka wa Ujerumani, bila kushuka kwenye siti hata mara moja, maana hakuna kinachowachoma. Na baada ya Ujerumani, nimeangalia kwenye ramani, hakuna bahari ya kumzuia mtu mpaka China. Nani atapiga kinanda kanisani? Nani atahesabu mayai ya ndege vitwitwi malishoni majira ya machipuko? Tutabaki sisi wanaume, kila mmoja dirishani kwake, tukitazama mashariki. Chama chenu kimelifikiria hilo, au kinafikiria fulana tu?

Kwa sababu hizo zote, na kwa heshima niliyo nayo kwako, naomba kamati yako ipitishe haya katika kikao kijacho.

Kwamba kila mwanachama mwenye mume aliye hai arudi kwenye jinzi, mshono ukiwa mahali pake pa asili. Wajane na wasioolewa wavae sponji watakavyo, sina ugomvi nao.

Kwamba mifuko ya mgongoni ishonwe ifungwe, ubakizwe mmoja wa leso. Mimi niko tayari kuishona bila malipo, uzi ninao.

Kwamba zile tabaka tatu ziwe moja, tena ya sufu, ile inayowasha shingoni.

Kwamba rangi ya manjano ibadilishwe iwe kijivu. Hapana, hili lifute. Nimelifikiria upya sasa hivi nikiwa dirishani, na naomba manjano ibaki kama ilivyo, maana ikiwa kijivu sitamwona anaporudi.

Na kama kamati haitakuwa na ujasiri wa kupitisha hayo, basi naomba mniunge mkono katika ombi langu jingine kwa wakubwa, kwamba daraja la Aldewier liinuliwe kila Jumapili kuanzia saa moja na nusu asubuhi na libaki limeinuliwa mpaka baada ya kahawa. Mashua itapatikana. Ya kwangu ipo, ina tundu dogo tu, naweza kuiweka pale katikati ya mfereji nikakaa ndani yake siku nzima kwa faida ya ndoa za kijiji.

Sitaki uielewe vibaya barua hii. Mimi si adui wa baiskeli. Nimezaliwa juu ya baiskeli, karibu kwa maana halisi, maana mama alikuwa njiani kwenda kwa mkunga. Ninachodai ni kwamba baiskeli iumize kidogo, kama ilivyokuwa ikiumiza tangu zamani, ili watu wajue wanapotakiwa kufika mwisho. Nyumba yangu ilikuwa mwisho mzuri. Ilikuwa na kahawa.

Nisalimie wanachama wote ishirini na watatu. Msalimie mke wa mchungaji, na umwambie siyakumbuki yale niliyosikia yalitangazwa mbele yake siku ya semina. Msalimie mama yako, nimesikia kanunua baiskeli ya betri akiwa na miaka themanini na mmoja, nami sina la kusema. Msalimie na mumeo. Najua naye yuko dirishani wakati huu. Mwambie akichoka aje darajani, tutakaa.

Ni mimi, niliyebaki nyumbani kwa ajili ya wote,

Wybren Hoekema
Mlinzi wa Daraja (Mstaafu)

BAADA YA SAHIHI: Mwenyekiti, kuna jambo dogo limetokea kati ya sahihi yangu na sanduku la posta.

Kama unavyojua, sanduku la pale kanisani kwetu liliondolewa mwaka jana, na lililo karibu liko kijiji kinachofuata, kilomita nne. Najua Jumapili barua hazichukuliwi, lakini nisingeweza kuiacha mezani Tjitske akaiona. Kabla ya kutoka nilifikiri kwamba mtu mwadilifu hawezi kulalamikia nguo ambayo hajawahi kuijaribu. Ipo kaptura moja ya kiume kabatini, ndani ya karatasi yake, ambayo Tjitske aliniwekea ndani ya kiatu usiku wa Sinterklaas, ile sikukuu ya zawadi ya Desemba, pamoja na shairi la kunitania. Nikaivaa. Niliivaa chini ya suruali ya kodrai, mtu asione, kwa madhumuni ya ushahidi tu.

Sanduku la posta sikuliona. Nasema kweli. Nilikuwa nasubiri dalili ya kwanza ya mwili kunikumbusha nishuke, maana ndivyo nilivyozoea kupima kilomita nne, na dalili haikuja. Kikapita kinu, likapita shamba la kondoo, vikapita vijiji viwili ambavyo mara ya mwisho nilivipita nikiwa na nywele. Upepo ulikuwa mgongoni. Nilipozinduka nilikuwa mbele ya tuta la bahari na hakuna tena barabara. Nimeuliza hapa mgahawani, wakaniambia kutoka Aldewier ni kilomita thelathini na moja. Nikawauliza mara ya pili. Suruali ya kodrai nimeivua na kuifunga kwenye usukani, maana ndiyo iliyokuwa ikinisumbua.

Naandika haya kwenye meza ya nje. Juu ya tuta naona fulana za manjano zinakuja kwa mstari mmoja, na ukubwa wake unaongezeka badala ya kupungua, jambo ambalo sijawahi kulitazama likitokea nikiwa upande huu. Wa mbele ni wewe. Wa tatu ni Tjitske. Bado hajaniona, ila anacheka na mtu aliye nyuma yake, na sikujua kwamba huwa anacheka hivyo akiwa mbali namna hii na nyumbani. Ningekuwa nimelisikia hilo mapema, nisingeshika sindano.

Mlinzi wa daraja hachani karatasi aliyoitia sahihi, kwa hiyo barua hii nitakukabidhi mkononi. Yote yaliyo juu ya sahihi yangu uyapuuze, isipokuwa salamu. Na Tjitske akikuuliza nilikuwa nakuandikia nini, tafadhali mwambie nilikuwa nauliza njia.